Anga Halipimwi kwa Ekari

Ipo kasumba moja iliyotuganda sisi wasomi wa Afrika Mashariki kama kupe, nayo ni ile ya kudhani kwamba Kiswahili ni lugha ya soko, siasa na mashairi, ilhali hesabu na sayansi zina wenyewe. Kasumba hii imejadiliwa sana katika magazeti na makongamano, na sina nia ya kuirudia hapa kwa ujumla wake. Nataka kushika jambo moja dogo tu, ambalo huenda msomaji akaona ajabu kwa mtu wa isimu kulishughulikia: namna ya kutaja kwa Kiswahili ukubwa wa eneo la anga.

Swali lenyewe niliulizwa na mwalimu wa hisabati huku kwetu Ruiri, Meru, aliyekuwa akitayarisha maelezo kwa chama cha sayansi cha wanafunzi wake. Alikuwa amesoma habari za darubini ya Rubin iliyoko nchini Chile, ambayo picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025, na ambayo kamera yake hunasa kwa mpigo mmoja sehemu ya anga inayoweza kutoshea miezi mipevu 45 hivi ikipangwa bega kwa bega. Alitaka kuwaambia wanafunzi ukubwa wa sehemu hiyo kwa tarakimu na kwa Kiswahili, akakwama. "Mwalimu," aliniambia, "nikisema kilomita mraba nitakuwa nimewadanganya watoto. Nisemeje?"

Alikuwa na haki ya kusita. Mkazi wa Ruiri anajua eneo ni nini. Tangu ardhi ya huku ilipoanza kukatwa vipande na kutolewa hatimiliki, hakuna mzee asiyejua ekari, wala kijana asiyejua ploti ya futi 50 kwa 100. Lakini anga halina umbali mmoja. Mwezi uko karibu, jua liko mbali mara 400 zaidi, na upana wa jua umepita ule wa mwezi kwa kadiri iyo hiyo. Ndiyo maana vyote viwili huonekana sawa machoni petu, hata mmoja ukaweza kumfunika mwenzake siku ya kupatwa. Ukiuliza kila kimoja kinachukua kilomita ngapi za anga, swali halina jibu. Kinachoweza kupimwa ni uwazi wa pembe kutoka jichoni mwa mtazamaji. Mwezi una upana wa nusu ya nyuzi moja ya pembe, na jua vivyo hivyo. Mlima Kenya nao, ukitazamwa kutoka hapa Ruiri, hujaza sehemu fulani ya upeo. Mtu akiuendea hadi Nanyuki hujaza zaidi, na akishuka kuelekea Merti hupungua, ilhali mlima haukuongezwa wala kupunguzwa jiwe.

Basi wanafalaki huchukua pembe ya upana na pembe ya urefu, wakazizidisha kama tunavyozidisha 50 kwa 100. Kipande cha anga chenye upana wa uzi mmoja na urefu wa uzi mmoja ndicho kipimo chao. Mimi nimekiita *uzi mraba*, wingi wake *nyuzi mraba*, na nitaeleza sababu. Kamera ile ya Rubin hunasa nyuzi mraba 9.6. Mwezi mpevu huchukua kama sehemu moja ya tano ya uzi mraba mmoja. Na anga lote, lililo juu yetu na lililo chini ya miguu yetu, ni nyuzi mraba 41,253.

Hebu tusimame kidogo kwenye tarakimu hii, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wazuri hujikwaa. Mwanafunzi mwerevu atasema: kuzunguka ni nyuzi 360, na kutoka ncha ya kusini hadi ya kaskazini ni nyuzi 180, nikizidisha napata 64,800. Hesabu yake ya kuzidisha ni sahihi, ila anga si karatasi bapa. Mistari inayotoka ncha hadi ncha hukaribiana kadiri inavyopanda, kama vipande vya chungwa lililomenywa. Kisanduku cha uzi mmoja kwa mmoja kilicho kwenye ikweta ya anga ni uzi mraba mmoja kamili au karibu yake. Kisanduku cha namna hiyo hiyo kwenye mstari wa nyuzi 60 kimekonda hadi nusu. Jibu la kweli hupatikana kwa kuzidisha 360 kwa 360, kisha kugawanya kwa pai. Mwalimu wa jiografia anaweza kulifundisha somo hili hili kwa tufe la dunia, na pengine angefanya vyema kushirikiana na mwenzake wa hisabati badala ya kila mmoja kufunga mlango wake.

Ukondefu huo una matokeo yanayotuhusu sisi watu wa ikweta kwa namna ya pekee. Ukanda wa anga ulio kati ya nyuzi 30 kaskazini na nyuzi 30 kusini mwa ikweta ya anga una nusu kamili ya anga lote, yaani nyuzi mraba 20,626 na ushei. Ukanda huo ndio unaopita juu ya utosi wa mtu wa Ruiri. Ikweta inapita karibu sana nasi, kiasi kwamba katikati ya Desemba, usiku wa manane, zile nyota tatu za mshipi wa Orion huwa karibu kabisa na utosi. Nyota ya kaskazini imelala kwenye upeo, upande wa Isiolo. Kwa muda wa mwaka mmoja anga lote hupita mbele ya macho yetu pasi na kubaki kipande. Darubini ya Chile, iliyo nyuzi 30 kusini, haiwezi kuliona eneo la kaskazini ya mbali hata ingekuwa na kamera mara kumi ya ile. Nazo za Ulaya haziuoni Msalaba wa Kusini. Sisi tunaona vyote, na hatuna neno la kutaja tunachokiona!

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye fedha za kuchezea. Nawakumbusha tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi ya Marekani aina ya Scout ilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, miaka saba baada ya Kenya kujitawala, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Pwani ya Kenya haikuchaguliwa kwa mandhari yake. Kurusha karibu na ikweta kuliisaidia roketi ndogo kwa kasi ya mzunguko wa dunia, na kuliiweka setilaiti katika njia iliyoepukana na sehemu kubwa ya mnururisho ambao ungevuruga vipimo vyake.

Uhuru ilifanya nini? Ilipima anga, kipande kwa kipande. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikitazama kwa madirisha mawili. Dirisha moja lilikuwa na nyuzi 5 kwa nyuzi 5, na la pili nusu uzi kwa nyuzi 5. Kwa maneno mengine, la kwanza lilifunika nyuzi mraba 25 na la pili nyuzi mraba mbili na nusu. Dirisha pana lilikusanya mwanga hafifu. Dirisha jembamba lilisaidia kujua mwanga umetoka wapi hasa. Kazi ilikwisha mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ukigawanya anga lote kwa idadi hiyo utapata wastani wa chanzo kimoja kwa kila nyuzi mraba 120 hivi.

Katika orodha hiyo mna jambo ambalo mimi kama mtu wa lugha linanivutia kuliko yote. Kila chanzo kimeandikiwa eneo la mashaka, yaani kisanduku ambacho chanzo kinaaminika kuwamo ndani yake, na ukubwa wa kisanduku hicho umeandikwa kwa nyuzi mraba. Ni kama ng'ombe aliyepotea. Ukiambiwa yuko Rwarera, utatafuta hadi jua lizame. Ukiambiwa yuko katika shamba fulani la ekari mbili, utampata kabla ya chai. Kisanduku kikubwa kina nyota nyingi mno na kila moja yaweza kuwa ndiyo. Kikipungua, washukiwa nao hupungua. Kwa njia hii ya kubana eneo, ikisaidiwa na darubini za redio, chanzo kiitwacho Cygnus X-1, ambacho Uhuru iligundua kwamba mwanga wake hubadilika kwa kasi ya ajabu, kilihusishwa na nyota moja mahususi, na hatimaye kikawa cha kwanza kukubaliwa na wataalamu wengi kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Jina la setilaiti lilitoka kwetu, bahari ilikuwa yetu, na kipimo cha kazi yenyewe hadi leo hakina jina lililozoeleka katika lugha iliyoipa setilaiti jina.

Nirudi sasa kwenye neno. Shuleni Kenya wengi husema "digrii". Sina ugomvi mkubwa na neno hilo, ila limebeba mizigo mingi: joto la mgonjwa, pembe ya darasani, na karatasi ya chuo kikuu ambayo ingefaa iitwe shahada. Vitabu vya hisabati vya Kiswahili vina neno *nyuzi* kwa pembe, na kwa joto tumekuwa tukisema *nyuzijoto*. Naliona neno hili kuwa bora kwa anga. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa kibao kidogo kilichofungwa uzi wenye mafundo: baharia alishika uzi kwa meno, akasogeza kibao mpaka ukingo wake wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota. Kipimo chao kilikuwa kidole, *isba* kwa Kiarabu, ambacho ni zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa karne ya 15, aliyeandika pia kuhusu njia ya kwenda Sofala, alihesabu kwa vidole hivyo. Mwanafunzi akiukumbuka uzi ule wa baharia, hatalisahau neno.

Kuhusu *mraba* nina neno la tahadhari, na hapa naomba walimu wa Kiswahili wanisikilize. Mpangilio wa maneno hubadili maana. *Nyuzi mraba 10* ni eneo lenye vipande kumi, vyovyote vile umbo lake lilivyo. Laweza kuwa refu kama mkanda au la mviringo kama chapati. *Mraba wa nyuzi 10* ni umbo lenye pande nne za nyuzi kumi kila mmoja, na eneo lake ni karibu nyuzi mraba 100. Mtu akiandika "nyuzi 10 mraba" hatujui anakusudia lipi, na tofauti ni mara kumi. Dirisha pana la Uhuru lilikuwa mraba wa nyuzi 5. Eneo lake lilikuwa nyuzi mraba 25. Tofauti hii si ya anga peke yake. Mara ngapi tumesoma tangazo la ploti ya "mita 20 mraba" pasipo kujua kama tunauziwa uwanja au choo? Ningependa kila mwalimu asahihishe kosa hili kwa wino mwekundu, katika insha na katika hesabu, kwa ukali ule ule anaotumia kwa upatanisho wa ngeli.

Tatizo la pili ni vigawanyo. Uzi mmoja una dakika 60, lakini uzi mraba mmoja una dakika mraba 3,600. Hili ni la maana. Mwaka 2004 ilitolewa picha ya darubini ya Hubble ya kipande cha anga chenye dakika mraba 11 tu, na ndani yake zikahesabiwa galaksi zipatazo 10,000. Anga lote lina vipande kama hicho zaidi ya milioni 13. Zidisha, utapata galaksi zaidi ya bilioni 130, nazo ni zile tu ambazo picha ile iliweza kuzifikia. Afisa wa kilimo hufanya jambo lilo hilo: huhesabu mashina ya mahindi katika kipande kidogo, kisha hukadiria shamba zima. Asipojua ukubwa wa kipande, hesabu yake yote ni bure. Mwanafunzi atakayegawanya kwa 60 badala ya 3,600 atapoteza galaksi nyingi mno.

Nimeulizwa kama istilahi hizi zitadumu. Istilahi hudumu zikitumiwa, hazidumu kwa kupitishwa na kamati. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ya heshima, iliyofanywa kwa bidii. Ni walimu wangapi wa Kenya walioifungua? Katiba ya 2010 imeifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi, lakini mlango wa maabara bado umeandikwa Kiingereza. Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Nasema mtoto aliyeelewa jambo kwa Kiswahili hulibeba hadi kwenye Kiingereza pasi na taabu, na aliyekariri kwa Kiingereza bila kuelewa hubaki na makapi katika lugha zote mbili.

Tena maneno ya mipaka na umiliki tunayo tele, na anga linayahitaji. Makundinyota 88 yanayotambuliwa leo yalikatiwa mipaka rasmi iliyochapishwa mwaka 1930, yakapimwa kama mashamba: kubwa kuliko yote, Hydra, lina nyuzi mraba 1,303, na dogo kuliko yote ni Msalaba wa Kusini, wenye nyuzi mraba 68. Miaka ya karibuni anga la eksirei liligawanywa kabisa baina ya mataifa mawili. Darubini ya eROSITA ya Wajerumani ilirushwa mwaka 2019 ikiwa ndani ya chombo cha Warusi, nao wakaafikiana kwamba takwimu za nusu moja ya anga zitakuwa za Wajerumani na za nusu ya pili zitakuwa za Warusi, mpaka ukipita ncha hadi ncha ya galaksi yetu. Ni urithi wa ndugu wawili, na kama ndugu wa urithi walivyo, mwaka 2022 vita vya Ukraine viliwatenganisha na Wajerumani wakaizima darubini. Hata hivyo, Januari 2024 Wajerumani walichapisha orodha ya nusu yao: vyanzo zaidi ya 900,000 katika nyuzi mraba 20,600 hivi. Mwalimu na awape wanafunzi hesabu hiyo. Pale ambapo Uhuru iliona chanzo kimoja katika nyuzi mraba 120, eROSITA imeona zaidi ya 40 katika uzi mraba mmoja. Hakuna sentensi inayoweza kuonyesha maendeleo ya miaka hamsini kwa uwazi zaidi ya hiyo, nayo haiwezekani kutungwa bila kipimo cha eneo.

Kwa wanaolalamika kwamba shule zetu hazina darubini, vifaa vya kwanza viko kwenye bega. Ukinyoosha mkono mbele yako, kidole cha mwisho kina upana wa uzi mmoja hivi, ngumi ina nyuzi 10, na shibiri iliyotanuliwa ina 20 na zaidi. Mkono wa mtoto ni mfupi, lakini na ngumi yake ni ndogo, kwa hiyo uwiano haubadiliki sana. Lugha yetu ilikuwa na wanda, shibiri na dhiraa kabla ya rula kufika, na vipimo hivi tulivyovidharau kwa kuwa havikufaa duka la nguo vinafaa kabisa angani, ambako mkono wenyewe ndio unaotengeneza pembe.

Nimemshauri mwalimu yule awatoe wanafunzi wake nje jioni moja ya Mei, mvua ikipisha, kabla taa za soko hazijazidi kuliosha anga la Ruiri. Wakati huo Msalaba wa Kusini huwa umesimama upande wa mlima na Dubu Mkubwa upande wa Isiolo, vyote viwili kwa pamoja. Kila mwanafunzi anyooshe ngumi aufunike Msalaba, kisha ajaribu kumfunika Dubu, aandike idadi ya ngumi zilizohitajika, na abadilishe ngumi kuwa nyuzi mraba. Eneo rasmi la Dubu ni nyuzi mraba 1,280. Atakayepata kati ya ngumi 10 na 16 apewe alama zote. Na atakayeandika jibu lake kama "nyuzi 1,280 mraba" akatwe moja.